Mkanda Usioumiza Shingo

Siku tuliyomzika dada yangu Generosa kule Kirushya, mwanawe Festo alipiga picha za msiba yeye mwenyewe. Wapo walionong'ona kwamba mfiwa hafanyi kazi kwenye msiba wake, tena wa mama mzazi, ila mimi nilimwelewa. Mtu ambaye hajui aiweke wapi mikono yake, afadhali ashike kamera. Alikuwa na kamera mbili nyeusi, nzito, kila moja na mkanda wake wa kisasa wenye sponji na maandishi makubwa, na alipita katikati ya watu kwa adabu, akiinama, akichuchumaa, akipanda juu ya kifusi. Kila alipomaliza kupiga aliingiza kidole gumba chini ya mkanda, akausukuma mbali na shingo, akakunja uso kidogo, halafu akauachia. Padri alikuwa anasoma, wanakwaya wanaimba, na mimi, dada wa marehemu, niliyesimama mstari wa mbele kabisa, sikuliona jeneza likishuka. Nilikuwa nakiangalia kile kidole gumba.

Jioni watu walipopungua tulikaa sebuleni kwa marehemu, mimi na Festo, kwenye makochi yenye vitambaa nilivyomfumia Generosa kwa mkono wangu. Tuliletewa sinia la ndizi na maharage. Festo alivua kamera zake, akaziweka mezani, akajikanda shingo kwa kiganja.

"Mama mdogo," akasema, "wewe ni fundi, umeshona miaka yote. Hebu niambie. Mkanda wa kamera unaofaa unakuwaje? Hii inanimaliza. Nikitoka harusini shingo inakuwa kama si yangu."

Akafungua simu akaanza kunionyesha. Kuna wa ngozi, kuna wa kitambaa kinachovutika, kuna wa kuzungusha kwenye kiganja tu, na kuna mwingine unaovaliwa mabega yote mawili kama mtoto anavyovaa begi la shule. Alikuwa amesoma maoni ya watu waliokwisha kununua: huyu anasifia upana, yule anasema upana si kitu kama mshono ni mbaya. Alitaka mkanda usiomuumiza na usiomsumbua kazini, basi. Ni swali la kawaida kabisa na nilipaswa kumjibu kama fundi. Badala yake nilikaa nimeshika kipande cha ndizi mpaka kikanipoa mkononi. Swali lile niliwahi kuulizwa na baba yake, Festo mwenyewe akiwa bado anabebwa mgongoni, na mwaka mzima wa ujana wangu ulikwisha nikilijibu.

Nilifika Nyakahura nikiwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo ambayo yalipotoka yalionyesha wazi kwamba hayakuwa na haja ya kusubiriwa. Generosa alikuwa amejifungua, akaomba nije nimsaidie mtoto. Mumewe, shemeji yangu Evarist, alikuwa mpiga picha. Walipanga vyumba viwili nyuma na kimoja mbele, barabarani, na hicho cha mbele ndicho kilikuwa studio: benchi, kioo, kitana kilichofungwa kwa kamba kisiibwe, na ukutani pazia kubwa lililochorwa ngazi zenye maua pande zote mbili. Zilikuwa ngazi za kupanda kwenda mahali fulani, ila mchoraji aliishiwa rangi kabla ya kuonyesha wapi. Watu wa Nyakahura walizipenda sana. Siku ya mnada, wafugaji walikuja na fimbo zao, wakasimama wima mbele ya zile ngazi, hawacheki hata uwaahidi nini. Malori ya kwenda mpakani yalipopita, vyombo vyetu vililia kabatini, na Evarist alishusha kamera akasubiri nyumba itulie ndipo apige.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye utani usiokwisha. Aliniita "shemeji fundi" kwa sababu nilikuja na cherehani ya mkono ambayo nilikuwa bado najifunzia, na kila nguo niliyoishona aliigeuza ndani nje, akaikagua kwa uso wa hakimu, akasema, "Hii inafaa kwa mtu mwenye bega moja." Tulikula pamoja mchana, sisi watatu, kwenye mkeka wa chumba cha nyuma: ugali wa muhogo na dagaa, au ndizi siku zilipoletwa kutoka kwao Kirushya. Mtoto alilala katikati yetu. Pazia la mlango lilitutenga na studio, na tuliyasikia maneno ya wateja waliokuwa wakingoja kwenye benchi bila wao kujua. Nimejifunza mambo mengi ya ndoa za watu kupitia lile pazia kuliko niliyojifunza baadaye katika ya kwangu.

Nusu ya kazi yake haikuwa studio. Ilikuwa njiani, kwa baiskeli: harusi, kipaimara, misiba, huku Biharamulo mpaka Nyamahanga, na ng'ambo huko Ngara kwa watu wa nyumbani. Kamera yake aliachiwa na mzungu mmoja wa kambi za wakimbizi alipokuwa anaondoka, chuma kitupu, nzito kama jiwe la kusagia, na ilikuja na mkanda wake mwembamba, mgumu, mweusi. Ndani ya wiki yangu ya kwanza niliuona ule mstari. Alikuwa ameinama kunawa mikono, nikauona nyuma ya shingo yake, mwekundu, kana kwamba mtu alimpiga kwa waya. Generosa aliupaka mafuta huku akimfokea kwa upendo. "Shemeji fundi," Evarist akaniambia, "achana na magauni. Nishonee mkanda usiouma shingo. Ukiweza hilo nitakupiga picha bure mpaka siku ya harusi yako."

Mtu atauliza kwa nini hakuvaa begani. Ni kwa sababu ya salamu. Kwetu Ngara mtu mzima hasalimiwi kwa mbali. Unamwendea, unainama, unampa mkono wa kulia huku wa kushoto umeushika mkono wako mwenyewe, au unamshika mikono yote miwili kwenye viwiko, naye anakushika vivyo hivyo, mnakaa hapo mkiulizana habari za watu na ng'ombe na mvua. Mpiga picha akifika kwenye msiba lazima azunguke hivyo kwa wazee wote kabla hajatoa kifuniko cha lenzi. Asipofanya hivyo hapigi picha hapo, wala kwa ndugu zao. Sasa kamera ya begani, ukiinama tu, inateleza mpaka kwenye kiwiko na kumgonga mzee wa watu magotini. Evarist aliwahi kumgonga baba wa bwana harusi, wakamkatalia hata soda. Na kuukatisha mkanda kifuani ndiyo kabisa ilikuwa haiwezekani. Miaka ile ng'ambo ya mpaka kulikuwa na vita, na kijana mrefu anayetokea njiani na mkanda uliokatisha kifua, kitu cheusi kikimning'inia ubavuni, aliweza kuifanya familia nzima ikimbilie migombani. Ikabaki shingo.

Kwa hiyo nilianza. Wa kwanza nilikata mpira wa ndani wa baiskeli, nikaukunja mara mbili, nikaushona kingo. Ulikuwa laini, haukukata ngozi, tukafurahi. Jumapili akauvaa kwenda kwenye kipaimara Nyamahanga. Akamfikia mama mmoja mzee, mama wa katekista, akainama vizuri kama alivyofundishwa kwao, kamera ikashuka taratibu karibu na ardhi, na alipoinuka ikarudi juu kwa nguvu zote za mpira ikampiga mdomoni. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Evarist alirudi na mdomo umevimba, akatusimulia mwenyewe huku akishindwa kula, na Generosa akacheka hadi mtoto akaamka. Hiyo ndiyo picha ninayotaka kuwa nayo, na haikupigwa, maana mpiga picha ndiye aliyekuwa na mdomo uliovimba.

Wa pili ulikuwa wa kitenge, nikaujaza pamba. Ulipendeza, ila kwa jasho la baiskeli ulitoa rangi, ukamchora kola ya kijani kwenye shati jeupe. Wa tatu ndio niliojivunia. Kulikuwa na lori lililoanguka kwenye kona, likavutwa mpaka pembeni ya mnada, na mafundi walikuwa wanalitoa vipuri kidogo kidogo. Nikamwomba mmoja wao, "Kaka, naomba huo mkanda wa kiti cha dereva." Akanitazama kama nimerukwa na akili, halafu akaukata kwa kisu akanipa. Niwaambie, hakuna kitambaa kizuri kama kile kwa kazi ile. Ni kipana, hakina kingo kali, hakivutiki, jasho halikiharibu. Nilivunja sindano kadhaa za cherehani, nikamaliza kwa sindano ya kushonea magunia. Evarist aliuvaa, akainama kunisalimia mimi kwa heshima zote kama bibi wa miaka mingi, kamera ikakaa palepale kifuani. "Shikamoo fundi," akasema. Nikamjibu, "Marahaba mjukuu wangu."

Mkanda ule ulikuwa mzuri. Nasema hivi leo baada ya kushona kwa miaka yangu yote: haukuwa na kosa. Kwa muda hakulalamika. Kisha nikaanza kumwona anaingiza kidole gumba chini yake na kuusukuma mbali na shingo. Nikauongeza upana. Akasukuma tena. Nikauwekea sponji. Akasema sponji inasukuma. Nikaitoa. Nikarefusha, nikafupisha, nikahamisha mshono kutoka nyuma kuja pembeni, nikauweka upande wa kushoto kwa sababu wa kulia ndio uliomuuma zaidi. Kazi yangu yote ya mchana, mtoto akiwa amelala, ilikuwa ni ule mkanda. Nyuma ya pazia watu wote wa Nyakahura walikuwa na maoni. "Ni uzito wa kamera," alisema mwenye duka la jirani. "Ni baiskeli, anaangalia chini sana." "Ni ule mkanda wa gari la ajali, atupe." Bwana mmoja mpole wa zahanati alimkandakanda, akampa vidonge na dawa ya kuchua, akamshauri atafute mkanda mpana zaidi. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Alisema tulichokuwa tunasema sote. Tulikuwa na maumivu ya shingo na tulikuwa na kitu kinachoning'inia shingoni, na nani angetafuta sababu nyingine?

Alianza kulala mchana. Kati ya mteja na mteja alijinyoosha kwenye benchi la studio, chini ya zile ngazi, na utani wake ukawa unachelewa, yaani ulikuja bado, ila ulikuja baada ya watu kukwisha kuongea. Ugali aliumega akauzungusha mkononi, akauzungusha, akaurudisha. "Umepika vizuri," alimwambia Generosa, na Generosa alitazama sahani. Suruali zake nilizipunguza kiunoni, kisha nikazipunguza tena. Fundi ndiye wa kwanza kujua mtu anapungua. Nilijua kwa sentimita, na sikuwa na la kufanya na nilichokijua isipokuwa kukunja pindo.

Wakati wa kuvuna maharage tulikwenda Kirushya kwa mama yake. Bibi Anjelina alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyezungumza Kiswahili ila alipokuwa na mimi, kwa kuniheshimu, maana aliniona mtoto wa shule. Nasi ni Wahangaza kama yeye, lakini alipenda nimwone anakijua. Tulimkuta uani anapeta maharage. Evarist aliinama kumsalimia, akamshika viwiko, na yeye badala ya kumshika viwiko mwanawe aliinua mikono akamshika shingo. Alikuwa ameona anavyoinama. Vidole vyake vikapita nyuma ya masikio, vikashuka pembeni, vikasimama mahali pamoja, chini kidogo ya taya la kulia. Vikabaki hapo. Maharage yalikuwa yamemwagika kidogo kutoka kwenye ungo na kuku walianza kuyafuata.

"Ni mkanda, mama," Evarist akasema.

"Nimesikia," akajibu. Kisha akatugeukia sisi. "Mpeni mkeka. Mwacheni alale kidogo."

Akaingia ndani. Alikaa huko muda, tukasikia anavuta kigoda, anapanda juu ya kitu. Alitoka na furushi lililofungwa kwa maganda ya mgomba, jeusi kwa moshi wa jikoni. Ilikuwa ingobyi yake, ile ngozi ya kondoo ya kubebea mtoto, laini kama sikio la ndama kwa kupakwa samli miaka yote. Alimbeba Evarist kwa hiyo, akawabeba na wenzake, na siku Festo alipoletwa kuonyeshwa nyumbani alibebwa kwa hiyo pia, kuzunguka nyumba, ingawa Generosa kila siku alitumia kitenge. Ingobyi kwetu haikatwi. Inatoka kwa mama inakwenda kwa mkwe, na mwanamke anayeikata ni kama anasema nyumba hii haitabeba mtoto tena. Bibi Anjelina aliitandaza juu ya mapaja yake, akaipapasa, akanyoosha mkono kwangu.

"Nipe mkasi wako, mwalimu." Aliniita mwalimu kwa sababu ya shule.

Generosa alipiga kelele. "Mama, usikate! Akija mwingine atabebwa na nini?"

"Nilimbeba huyu," mama mkwe wake akasema, na hakuinua sauti wala macho. "Acha imbebe tena."

Nilimpa mkasi. Alikata mwenyewe ukanda mmoja mrefu kutoka katikati, mahali palipolainika zaidi, palipokuwa panabeba makalio ya watoto wake, halafu akanipa niushone kwenye zile pete za kamera. Nilishona kwa mkono, pale uani, mama yake amekaa upande huu na mke wake upande ule, wote wawili wanatazama sindano yangu kana kwamba mimi ndiye daktari. Ninakumbuka harufu yake, moshi na samli, na ninakumbuka nilivyotaka mshono ule uwe mzuri kuliko yote niliyowahi kushona. Hakuna mtu aliyesema neno uvimbe. Kuku mmoja alikamatwa. Evarist alipoamka tukamvisha. Akasimama, akainama mbele ya mama yake mpaka chini, akakaa hivyo, akainuka. Akageuza shingo kulia, akaigeuza kushoto.

"Huu hauumi," akasema. "Hauumi kabisa."

Tulishangilia. Niliruka nikapiga makofi, Generosa akalia na kucheka, Bibi Anjelina akaingia jikoni kumtia kuku chumvi. Siku ile tulikula kuku na ndizi, pombe ya ndizi ikaletwa na jirani, na Evarist akala paja zima. Tulidhani tumeshinda. Huwa najiuliza kama alisema kweli, au alisema kwa ajili ya ile ngozi iliyokatwa. Yeye tu ndiye angejibu, na mimi sikumuuliza, nilikuwa nashangilia.

Harusi ya mwisho aliyopiga ilikuwa Nyakahura, kwa jirani, na tulikubaliana nimsindikize kwa sababu alikuwa anachoka. Uvimbe sasa ulionekana wazi, alivaa shati la kola ndefu. Kanisani alipiga vizuri. Tulipotoka nje kwenye jua nikaona anaingiza kidole gumba chini ya mkanda wa ingobyi. Nikamsogelea, nikaibeba kamera kwa chini, kwa viganja vyote viwili, nikaiinua kidogo ili isimvute, na tukaenda hivyo, yeye mbele ya maharusi na mimi ubavuni nikimshikia mzigo kifuani mwake. Watu walidhani ananifundisha kazi. Wakatutania. Nilikuwa nimeishika kamera yote. Mkanda ulikuwa umelegea juu ya mabega yake, nauona, umepinda kama kamba ya nguo isiyo na nguo, haubebi chochote.

"Shemeji fundi," akaninong'oneza, "legeza kidogo. Unauma."

Sikuwa na cha kulegeza. Niliitikia, "Haya, shemeji," nikajifanya navuta kitu nyuma ya shingo yake. "Hapo je?" "Hapo afadhali," akasema. Nikaendelea kushika kamera mpaka maharusi walipoketi. Kuanzia pale nilijua, na kujua kwenyewe hakukunipa hata kitu kimoja cha kufanya. Huwa watu wanazungumza juu ya kutojua kana kwamba ndiko kubaya. Mimi najua kubaya zaidi.

Walimpeleka hospitali kubwa Mwanza, Generosa na kaka zake Evarist, na mimi nikabaki na mtoto Nyakahura. Nilifungua studio asubuhi, nikawaambia wateja mpiga picha amesafiri, nikafunga. Waliporudi, Generosa alisema tu kwamba daktari alikuwa mtu mzuri, aliwakalisha kwenye viti kabla ya kuongea. Evarist aliagiza apelekwe kwao. Alikufa Kirushya mvua za vuli zikianza, kwenye nyumba ya mama yake, na ile kamera ilikuwa imetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda kwa ule mkanda. Msiba wake hauna picha hata moja. Mpiga picha wa sehemu zile alikuwa yeye. Generosa hakuolewa tena, na hakuzaa mwingine. Watu walisema ni ile ingobyi iliyokatwa. Bibi Anjelina alisikia wanavyosema, akaendelea kupeta maharage yake mpaka alipokufa.

Haya yote sikumwambia Festo juu ya sinia la ndizi. Baba yake anamjua kwa picha moja ya pasipoti, na anajua alikufa kwa uvimbe, na inatosha. Nilimwambia mambo ya fundi: upana wa vidole vitatu au vinne, kingo laini, usivutike, mshono usikae nyuma ya shingo. Alisikiliza kwa makini, akiandika kwenye simu. Kisha akakumbuka kitu, akaenda chumbani kwa mama yake, akarudi na kamera ya chuma. Generosa alikuwa ameitunza ndani ya sanduku, imefungwa kwenye kanga. Sikuwa nimeiona tangu ule msumari. Lenzi ilikuwa imeota ukungu, lakini mkanda, nilipoushika, haukuwa mgumu. Alikuwa anaupaka samli. Miaka yote ile dada yangu alikuwa anaupaka samli na hakuniambia.

"Huu umeshonwa kwa mkono," Festo akasema, akichunguza. "Mama mdogo, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ni ngozi gani hii?"

"Kondoo," nikasema.

Akautoa kwenye kamera ya zamani kwa uangalifu, akaufunga kwenye ile nyeusi yake kubwa, akaivaa. Akasimama katikati ya sebule, kijana mrefu, mwembamba. Akainama mbele yangu mpaka chini, kama anamsalimia mzee, kamera ikatulia kifuani. Akainuka. Akageuza shingo kulia, akaigeuza kushoto, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

"Huu hauumi," akasema. "Mama mdogo, hauumi kabisa."

Nikaweka sinia chini. Nikamwambia akae, akakaa kwenye mkeka mbele ya kochi langu, nikamvua ule mkanda na kamera yake nikaviweka pembeni. Nikaishika shingo yake kwa mikono yote miwili.

"Unanitekenya," akasema, akicheka.

Nilipita nyuma ya masikio, nikashuka pembeni, chini ya taya la kulia. Vidole vyangu vinaweza kukuta uzi uliokatika ndani ya pindo bila kuuona kwa macho. Nilipapasa polepole. Sikukuta kitu. Nikaenda kushoto, nikashuka mpaka juu ya bega, sikukuta kitu. Nikarudi kulia.

"Mama mdogo, unatafuta nini?"

"Tulia," nikamwambia. "Sijamaliza."